Agronomu wa Mbegu Nyekundu

Sitamtaja jina. Wengi hapa Kindu watamjua hata hivyo, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu. Sisi wafanyakazi wa shamba la mbegu tulimwita Agronomu, na yeye mwenyewe alipenda aitwe hivyo kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja. Nimejaribu mara nyingi kumkumbuka kwa upole, kama tunavyofundishwa kuwakumbuka watu, na kila nikijaribu nashindwa.

Nianze na mikono yake. Ilikuwa misafi kuliko ya daktari. Alinawa kwa sabuni kabla ya kuingia shambani, akanawa tena akitoka. Alitembea na leso mbili, moja ya jasho na nyingine ya kushikia mimea. Wanawake wa kikosi chetu walikuwa wakinong'onezana, "Angalia, Agronomu anatawadha," ingawa hakuwa Mwislamu na kanisani hakuonekana sana. Siku za mwanzo niliipenda mikono ile. Nilisema moyoni, huyu ndiye mtu anayeheshimu kazi. Siku hizi nikimwona mwanamume ananawa sana nje ya saa za chakula, natazama pembeni.

Tena hakula mahindi. Wali wa Kibombo, samaki wa Lualaba, sombe kidogo, yale majani ya muhogo. Bugari, yaani ugali wa mahindi, hakuigusa, wala muhindi wa kuchoma. Nilimwuliza mara moja, akacheka.

"Mama Zaina, muntu hakule kitu anajua sana."

Tulilichukua kama mzaha. Lilikuwa moja ya maneno yake mengi, maana alikuwa na neno kwa kila jambo, na maneno yake yalikaa kichwani kama mbigili kwenye nguo.

Kwa asiyejua kazi yetu nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu bila hiyo hatajua kilichonichukiza. Shamba lilikuwa mali ya serikali, nje ya mji, upande wa barabara ya Kailo. Pale tulitengeneza mbegu ya mahindi ya kuchanganya. Unachukua koo mbili za mahindi zilizokaa mbali miaka mingi, kila moja imezalishwa yenyewe kwa yenyewe mpaka imekuwa dhaifu na fupi, ukiiona utaihurumia. Moja unaifanya mama, nyingine baba. Unapanda mistari minne ya mama, miwili ya baba, na mahindi mama yakianza kutoa mbelewele, lile ua la kiume linalochomoza juu, unaling'oa kabla halijamwaga vumbi lake. Basi mama hana njia ila kupokea vumbi la baba. Punje zinazotoka hapo, ukizipanda, zinatoa mahindi marefu, yenye nguvu, masuke mawili mazito katika kila shina. Lakini ni kwa msimu mmoja tu. Ukirudia kupanda punje za mavuno hayo, nguvu inavunjika, hili refu, lile fupi. Mkulima lazima arudi kila mwaka kuchukua mbegu mpya. Ndiyo sababu mkulima anapaswa kumwamini anayeifunga mifuko kuliko anavyomwamini shemeji yake.

Kung'oa mbelewele ilikuwa kazi yetu sisi wanawake. Kwa kuwa nilisoma madarasa sita kwa masista, Agronomu alinitoa mistarini akanipa kazi ya kuandika etiketi na kushona mifuko. Nilijiona mtu mkubwa.

Lazima niseme alikuwa fundi. Ningependa kusema alikuwa mwizi tangu mwanzo, ingekuwa rahisi, lakini sivyo. Asubuhi za msimu alipita mstari kwa mstari, umande umemlowesha mpaka kifuani, akitafuta mbelewele moja iliyosahauliwa. "Mahindi hayana haya," alisema. "Ukiyaacha, yanalala na jirani yeyote." Mwaka mmoja alikuta kipande kizima, robo ya shamba, ambacho kikosi cha binamu yake kilikuwa kimekipita haraka ili kiwahi msiba. Mbelewele zilikuwa zimefunguka. Binamu yake alimwendea akapiga magoti kabisa kwenye matope.

"Yaya, kaka yangu, nani atajua? Ni mistari michache tu."

"Miye nitajua," akasema Agronomu. Akaagiza mapanga. Tukafyeka robo ile yote ikiwa mbichi, na yeye amesimama pale, leso mdomoni, machozi yanamtoka bila kujificha. Nililia pia. Sijaona tena mtu akililia uaminifu namna ile, na ndiyo maana ninamchukia zaidi kuliko ningemchukia mwizi wa kawaida.

Na ile mbegu ya wazazi, zile koo mbili, aliitunza kama roho yake. Friji ya mafuta ya taa pale ofisini ilipokufa na barua zake za kuomba nyingine zikakosa jibu, alizihamisha punje katika makopo ya maziwa, akazichanganya na majivu ili fukusi wasiziingie, akayapanga makopo chini ya kitanda chake. Mkewe alituambia kwamba alikuwa haruhusu mtu kufagia chini ya kitanda. Mishahara ya serikali ilikuwa inakuja kama mvua ya Juni, mwezi wa kiangazi, lakini makopo yale hayakuguswa. Miaka zaidi ya kumi ya kazi ya watu, wengine wamekufa, ilikuwa imelala chini ya godoro la mtu mmoja, na tulisema afadhali.

Wakubwa walipokuja kutembelea, aliwatolea hotuba ambayo mpaka leo naweza kuirudia. Alisimama katikati ya mistari na abakosi yake ya kijivu, lile koti lililovaliwa enzi zile badala ya suti na tai, imefungwa mpaka shingoni.

"Serikali njo mama," alisema, yaani ndiyo mama. "Mama iko na uvumilivu. Hakuna mufanyabiashara atangoja miaka kumi koo moja ya mahindi isafike. Lakini mama hana miguu. Lori ya serikali haifike Punia. Inaharibika njiani, ao mafuta inauzwa. Mufanyabiashara njo baba. Yeye atapita matope na mufuko kichwani kama anajua atapata faida. Basi mama azae, baba atembeze. Na katikati lazima iko muntu wa tatu, mukaguzi, wa kuangalia kama mutoto anafika njo yule yule alizaliwa."

Wageni walipiga makofi. Nami nasema hata leo kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli, neno kwa neno. Kinachonichukiza ni kwamba alijua ni ya kweli.

Nilipaswa kushtuka mapema. Kuna siku ilitangazwa kwamba mkubwa wa chama atakuja kutoka Kinshasa kukagua juhudi za kilimo, na mahindi yetu mwaka ule yalikuwa yamepigwa na ukame mdogo, masuke membamba kama vidole. Jumamosi, siku ya salongo, wakati mji mzima unafyeka majani barabarani, sisi tulikaa shambani na nyuzi za raffia tukifungia masuke makubwa ya mavuno ya nyuma kwenye mashina mabichi. Mawili hapa, matatu pale. Agronomu alipita nyuma yetu akifunika fundo kwa majani. Mkubwa alikuja, akavuta suke moja, nalo likatoka na uzi wake. Akautazama uzi. Akamtazama Agronomu. Kisha akacheka, akasema, "Mahindi ya hapa inavaa mukaba," na wote wakacheka, nasi wanawake tukaimba na kucheza kama tulivyotakiwa. Jioni tuligawiwa vitenge vya chama. Nilikivaa changu mpaka kikachanika. Sina haki ya kujifanya msafi.

Sasa nimtaje yule mwingine. Tulimwita Patroni. Wakati maduka ya wageni yalipogawiwa kwa wenyeji, yeye alipewa duka la Mgiriki mmoja karibu na stesheni ya gari la moshi, lililojaa vitambaa, taa na baiskeli. Kwa mwaka mmoja duka likabaki na rafu tupu. Lakini alikuwa na malori mawili na mdomo mtamu, akapata ruhusa ya kuuza mbegu ya serikali katika wilaya yote. Kwa msimu wa kwanza na wa pili mambo yalikwenda vizuri kweli. Sisi tulizalisha, Agronomu akakagua, mimi nikashona, malori ya Patroni yakapeleka. Wakulima wa Kibombo na Kailo walivuna mpaka wakakosa pa kuweka. Dada yangu Mwamini, aliyeolewa Kibombo, alinitumia kwa gari la moshi kuku wawili na salamu: "Mwambie Agronomu wako Mungu amuzidishie."

Kisha Patroni akaona kwamba baba anayetembeza tu hapati kama baba anayezaa. Alianza kuja nyumbani kwa Agronomu Jumapili. Tuliona pikipiki mpya. Tukaona bati jipya juu ya nyumba. Halafu mkewe Agronomu akaniambia kisimani, kwa sauti ya mtu asiyejua kama afurahi ama alie, kwamba sasa anaweza kufagia chini ya kitanda.

Makopo yalikuwa yamekwenda kwa Patroni. Yote, ya mama na ya baba, hakubakiza hata konzi moja kwa shamba la serikali. Patroni aliyapanda kwenye shamba lake mwenyewe, upande wa Kailo, na kwa kuwa hakutaka kulisha wanawake ishirini kwa kazi ambayo kwake ilikuwa ni kuchezea maua, mbelewele hazikung'olewa. Mahindi mama yakajizalisha yenyewe. Zilitoka punje dhaifu, ndogo, zilizochanganyika hovyo. Msimu mmoja ulitosha kuua kazi ya miaka kumi na zaidi. Hapakuwa na moto, hapakuwa na vita. Ilikuwa uvivu wa mtu mmoja na tamaa ya mwingine.

Lakini maombi ya mbegu yalikuwa yameshapokelewa, na mvua za Septemba zilikuwa karibu.

Siku moja mchana niliitwa ghalani. Nilikuta magunia ya mahindi ya soko, yale ya kula, meupe, ya njano, ya zambarau, mengine yametobolewa na fukusi. Agronomu alikuwa amevaa glavu za mpira mikononi na anayachanganya na dawa nyekundu, ile tuliyopakaza mbegu ili wadudu wasiile ardhini. Baada ya kugeuzwa mara tatu, punje zote zilikuwa za rangi moja.

"Rangi inaficha kabila," akasema, na akatabasamu kwa neno lake mwenyewe.

"Agronomu, hii haiko mbegu yetu."

"Mama Zaina, mbegu njo kila kitu kinaota."

"Na etiketi? Niandike nini?"

"Andika kama siku zote. Sahihi ya ukaguzi iko yangu. Weye ushone."

Nilisimama. Ningeweza kuondoka. Kisha nikakaa, nikaandika, nikashona. Siku tatu nilishona, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Mwisho alinipa kikapu cha mchele, nami nikaupika, na watoto wangu wakala.

Jambo baya zaidi lilikuja baadaye kidogo. Alipanda lori la Patroni akaenda mwenyewe vijijini kuisifu mbegu ile. Watu walimwamini kwa sababu ya misimu miwili ile ya kweli. Aliwaambia, "Hii mbegu yenu ya zamani muikule sasa. Muimalize. Ukiichanganya shambani na hii mpya, itaiharibu." Wakaila. Mwamini aliniambia baadaye kwamba alipika mbegu ya marehemu mama yetu, masuke yaliyokuwa yakining'inia juu ya moshi wa jiko tangu tukiwa wadogo, akawaita majirani kama kwenye sherehe.

Alifika Kindu kwa gari la moshi mwezi wa Desemba. Sikumtegemea. Alikuja moja kwa moja shambani, amebeba kitu kirefu kimefungwa kwenye kitenge, na Agronomu alikuwa pale kivulini mwa ofisi anaandika ripoti. Mwamini alikifungua kitenge miguuni pake. Mashina matatu. Moja limenizidi kimo na halina suke hata moja. Moja linafika gotini. La tatu lina suke lenye meno kama ya bibi kizee, punje sita au saba.

"Shamba yote iko vile," akasema Mwamini. Hakupaza sauti. "Agronomu, tulikosa wapi?"

Hakuyagusa mashina. Aliyatazama, na mimi nilimwona akiyatazama. Yule fundi alikuwa bado ndani, kwa sababu uso wake ulikunjamana kwa maumivu kama siku ile ya mapanga. Kisha akaufuta.

"Mulichelewa kupanda, Mama."

"Tulipanda na mvua ya kwanza."

"Basi mulipanda kwa kina kirefu. Ao mulipalilia vibaya. Wamama wa Kibombo munazoea mpunga, mahindi hamuyajue."

Akainuka, akaenda kunawa mikono. Hakuwa ameshika kitu.

Mwamini akanigeukia. Kutoka kwenye fundo la nguo yake alitoa kile kikaratasi cha mfuko, akakinyoosha juu ya goti lake.

"Haya maandishi njo yako," akasema. "Nilipoyaona nikamwambia bwana yangu, hii imetoka kwa mikono ya ndugu yangu, tupande shamba lote. Weye ulijua?"

Mwamini akakusanya kitenge chake, akayaacha mashina pale, akatembea mpaka stesheni. Mwaka ule alikula muhogo wa wakwe zake na masimango yao, na lile shamba likachukuliwa na shemeji yake kwa madai kwamba hajui kulima. Ilipita miaka minne kabla hajakubali kulala nyumbani kwangu.

Malalamiko yalipozidi, wakaja wakaguzi watatu kutoka Bukavu. Nilifurahi. Nilioga, nikavaa nguo safi, nikajiandaa kusema kila kitu. Walituketisha mbele ya meza, Agronomu upande mmoja na mimi upande mwingine. Patroni hakuitwa, wakaguzi walikuwa wamelala nyumbani kwake.

"Nani anashonaka mifuko?" akauliza mkubwa wao.

"Mimi," nikasema.

"Na nani anaandikaka etiketi?"

"Mimi. Lakini Agronomu ndiye..."

"Agronomu, weye ulikagua?"

Agronomu alinitazama kwa huruma. Kwa huruma! Akasema polepole, kama baba anayemwombea mtoto mkaidi: "Nilikagua mbegu ya kweli. Kama kuna muntu alibadilisha ghalani, miye ninalala nyumbani, siko mulinzi. Mama huyu iko na watoto wengi, maisha iko nguvu. Naomba musimufunge."

Hawakunifunga. Nilifukuzwa, na nikatakiwa kumshukuru kwa kuniombea. Nilimshukuru. Mdomo wangu ulisema, "Aksanti, Agronomu." Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akahamia Bukavu, kuwa mkaguzi wa mbegu wa mkoa mzima. Shamba letu likaota majani ya tembo. Patroni akaanza kununua kahawa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, katika miaka ile ya mwisho kabla utawala haujaanguka, wakati noti zilikuwa zinabadilika sura kila mara na hakuna aliyejua barua ya serikali inafika wapi. Mimi nilikuwa nauza mafuta ya mawese sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu, amekonda, abakosi imepauka mabegani, viatu vimefungwa kwa waya. Nilimtambua kabla hajanitambua, na nilitumaini atapita.

"Mama Zaina," akasema. "Mungu mukubwa. Nilikutafuta."

Hakuomba msamaha. Alifungua bahasha, akatoa karatasi iliyopigwa taipu. Ili apate malipo ya uzee, alieleza, serikali ilitaka wafanyakazi wawili wa zamani washuhudie kwamba alitumika vizuri. Wa kwanza alikuwa amempata. Nilisoma. Ilisema kwamba alihudumu kwa uaminifu na moyo wa kujitolea, na kwamba aliwaletea wakulima wa Maniema mbegu bora.

"Weye unasoma vizuri," akasema, "tena ulikuwa muntu wangu. Tulitumika pamoja."

Nilidhani nitapiga kelele, au nitamwagia mafuta. Lakini nilimwona jinsi shingo yake ilivyokuwa inacheza ndani ya kola, na nikamkumbuka akilia mbele ya mahindi yaliyofyekwa. Chuki haikuondoka. Ilikaa tu, ikanipa nafasi ya kufikiri.

"Nipe kalamu," nikasema.

Akanipa haraka, akachangamka. Nilifuta mikono kwenye kanga. Chini ya maneno yaliyopigwa taipu niliandika: Mbegu nzuri aliitengeneza yeye. Mbegu ya uongo aliitengeneza yeye pia, na mimi nilishona mifuko. Nikatia sahihi, nikaandika jina langu lote na la baba yangu, nikamrudishia.

Alisoma akiwa amesimama juani. Alisoma mara mbili. Niliona macho yake yakirudi juu. Watu walikuwa wanampita wakimgonga kwa vikapu naye hakusogea.

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "sasa hii nani ataisoma?"

"Wewe umeshaisoma."

Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Sijui aliipeleka au aliichana. Nilisikia tu kwamba alikufa bila malipo, kama wote waliokuwa wanangoja malipo wakati ule. Alipoondoka, nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, Alunguli, na chupa mkononi. Akaniuliza kama mafuta yangu ni masafi. Nikamwambia, "Onja kwanza, mama," nikammiminia kiganjani.